Pwani Yenye p Ndogo

Kosa ni langu. Nianze na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana kwa kujitetea mimi nina kipaji. Nilipewa kitabu cha boti cha Kiingereza niwasomee watu wazima wawili wasiojua Kiingereza. Nikakisoma, nikakielewa vizuri tu, halafu nikawaambia neno moja nusunusu ili nije niwacheke baadaye. Neno hilo limemla mjomba wangu mkono wa kulia.

Mkono, ndugu msomaji! Si kidole!

Jina langu silitaji. Nipo kidato cha tatu hapa Shinyanga, na darasani najulikana kwa kumwigiza mwalimu wa zamu akipiga chafya. Nakueleza wewe kwa sababu hunijui, na hata ukinijua uko mbali, huwezi kunipiga.

Mjomba wangu nitamwita Masanja. Ni mdogo wake Mama. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, na tangu hapo Mjomba ndiye aliyekuwa akitulisha kwa nyundo na tindo, akipasua miamba ya dhahabu huko Geita pamoja na wachimbaji wenzake. Alikuwa na mikono, wee! Akikusalimu unajuta kwa nini hukuuacha wako mfukoni. Sare yangu ya shule, daftari zangu, hata hiki Kiingereza ninachojidai nacho, vyote vilitoka kwenye ile mikono.

Wa pili ni Mzee Kibwana, mfanyabiashara wa mtaani kwetu, Mzaramo aliyekuja Shinyanga kwa treni zamani akasahau kurudi. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, na utani una sheria zake. Mtani akikutukana hukasiriki. Akikupora kofia mbele za watu, unacheka. Akija msibani kwenu akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mnampa chakula. Anayekasirika ndiye mshamba. Kwa hiyo mimi, mtoto wa juzi, nilikuwa na ruhusa kamili ya kumchokoza mzee mwenye mvi.

"Shikamoo, mla nazi!" namwambia nikipita dukani kwake.

"Marahaba, mchunga fisi. Leo umeoga au umejipangusa vumbi tu?"

Na ugomvi wake na sisi ulikuwa mmoja: bahari. Asubuhi bahari, jioni bahari. "Ninyi maji mnayajulia mtungini," anasema. "Msukuma akiona dimbwi anavua viatu na kuaga ndugu. Mimi nimezaliwa nasikia mawimbi!"

"Mzee, wewe umezaliwa Kariakoo. Ulichosikia ni kengele za baiskeli."

Watu wanacheka, yeye anacheka, siku inaisha. Ingeishia hapo tu!

Likizo ilipofika, Mzee Kibwana akapata boti. Mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa akitafiti madini alipoondoka nchini alimwachia, ikiwa imeegeshwa chini ya kibanda cha nyasi kwenye ghuba ya Nungwe, upande wa Geita. Boti ya tanga, nyeupe, si ya mbao bali ya ile plastiki ngumu, yenye mlingoti mmoja na kijumba ndani chenye vitanda viwili na jiko dogo. Vitanda, kwenye boti! Mzee alitaka kuvuka nayo ziwa mpaka Ukerewe, alete machungwa na samaki wakavu kwa wachimbaji wa Geita, ambao siku hizo walikuwa wakila ugali mtupu, kitoweo wakikiwazia tu. Mjomba Masanja akakubali kwenda kuvuta kamba. Mimi nikachukuliwa kwa sababu ya kitabu, maana ndani ya droo ya ile boti kulikuwa na kitabu, na Kiingereza chote cha msafara kilikuwa kichwani kwangu.

Nilikisoma siku tatu, na kamusi ya shule pembeni. Msiri wangu, nikuambie ukweli: kitabu kile kilikuwa kizuri. Kilifundisha namna ya kuijua boti kama vile babu zetu walivyojua kumkagua ng'ombe mnadani. Usidanganywe na rangi, kilisema, wala vitanda. Tazama chini kwanza, kwenye mkuku, ule uti wa mgongo unaozama majini, na uzito uliofungwa humo, maana huo ndio unaoisimamisha boti ikilazwa na upepo. Wa kwetu ulikuwa mfupi kama ulimi wa kuku, ili boti iweze kusogea ufukweni bila kukwama. Tazama usukani umeshikwa na nini. Wetu ulining'inia nyuma kwa bawaba mbili, kama mlango wa choo cha shule. Halafu lile shimo la nyuma wanapokaa watu: wimbi likiingia, maji yatoke upesi. Shimo letu lilikuwa pana, la kukaa na wageni, na vitundu vya kutolea maji vilikuwa viwili, kila kimoja ningekiziba kwa kidole gumba. Na madirisha! Boti ya maji makuu ina madirisha madogo yenye vioo vinene. Yetu ilikuwa na madirisha ya basi.

Mwisho kabisa, kwa herufi nene, kitabu kikatoa hukumu: boti hii imeundwa kwa matembezi ya pwani, isipelekwe maji makuu.

Nikafungua kamusi kuhakikisha. Pwani. Yaani kandokando ya nchi kavu, ambako upepo ukichafuka unakimbilia ghubani kabla chai yako haijapoa. Pwani yoyote. Hata pwani ya ziwa.

Nilielewa! Usije ukasema mtoto hakuelewa. Nilielewa kuliko hesabu zote nilizowahi kuzielewa.

Siku ya nne Mzee Kibwana akaniita ufukweni, mbele ya wavuvi na akina mama waliokuwa wakianika dagaa. Akajishika kiuno. "Haya msomi wa fisi, waeleze watu. Kitabu kinasema boti hii inafaa maji gani?"

Nikakitazama kile kitabu. Nikamtazama yeye. Shetani akanitekenya mbavu.

"Kinasema," nikakohoa kama hakimu, "hii ni boti ya pwani."

Unaona? Sikusema uongo! Lakini kwetu huku bara, ukisema pwani, nani anafikiria kandokando? Pwani ni Dar es Salaam. Pwani ni Bagamoyo, ni bahari ya chumvi yenye meli za Ulaya. Na mdomo hauna herufi kubwa. Mimi nilitamka pwani yenye p ndogo, wao wakasikia Pwani yenye P kubwa kama nyumba ya bwana shamba.

Mzee Kibwana aliruka juu na umri wake wote. "Mmesikia? Ya Pwani! Ya kwetu! Boti iliyozoea bahari, hili ziwa lenu si karai la kufulia?"

Mama mmoja mwenye dagaa akasema bila kuinua kichwa, "Bahari siijui, baba. Ila hili lina meno."

"Meno ya maziwa!" Mzee akajibu, na ufukwe mzima ukacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu mimi peke yangu nilijua tunacheka nini.

Nilitaka kicheko kiive. Nilipanga aringe siku mbili, awaambie watu wa Geita yote, halafu siku ya kuondoka nisimame juu ya jiwe niwasomee ukurasa ule upya, na nimwambie: Mzee, boti yako hii ni ya kuogeshea bata! Mtani angekuwa amekomeshwa mpaka kiama.

Siku ya kuondoka ikafika. Watu walikuwa wachache, nikaona kicheko kitapungua. Nikasema moyoni, leo atazunguka ghuba tu kuijaribu, nitamwambia tukirudi.

Na hapo ndipo Mjomba aliponivuta pembeni. Mtu aliyekuwa akishuka shimoni kwa kamba bila kupepesa, lakini pale alikuwa akiyatazama maji kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua. Akaninong'oneza:

"Mwipwa wangu, mimi sijui kuogelea. Kile kitabu umekisoma vizuri?"

"Nimekisoma, Mjomba."

"Kwa hiyo twende?"

Angalia nafasi niliyopewa! Mungu mwenyewe alinifungulia mlango akanishikia. Nikasema, "Mjomba, ni ya pwani hiyo."

Akanipiga begani na mkono ule wa kulia, akapanda.

Tuliondoka asubuhi, upepo mzuri, boti ikiteleza kama kisu kwenye siagi. Mzee Kibwana alishika mpini wa usukani akawa kijana. Tulipita ghuba. Sikuona akigeuza. Tulipita visiwa. Hakugeuza. Mbele yetu pakawa maji matupu mpaka kwenye mawingu. Mjomba alikuwa mbele kabisa, kwenye mlingoti. Nikamsogelea Mzee.

"Mzee, geuza. Kitabu kilisema tusije huku. Pwani maana yake ni kandokando ya nchi kavu. Nilikuwa nakutania."

Akanitazama. Halafu akaangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka. "Mtani umeanza! Unaogopa maji, unasingizia kitabu!"

"Haki ya Mungu, Mzee!"

"Masanja!" akapiga kelele kwenda mbele. "Mwipwa wako anaaga ndugu!"

Mjomba hakusikia, upepo ulichukua maneno. Alitupungia tu mkono. Na mimi nikajua maana ya kuwa mtani: ukweli wako hauna soko. Nilikuwa nimemdanganya mtu huyu miaka mitatu kwa kicheko, na siku niliposema kweli alinipa kicheko.

Saa saba hivi mchana, upande wa magharibi pakawa peusi. Ule upepo haukuja kama upepo, ulikuja kama mtu aliyetumwa kuua. Boti ikalala ubavu, na ule mkuku wa ulimi wa kuku haukuwa na la kuiambia. Wimbi la kwanza likapanda kwa nyuma likatujaza shimoni mpaka kiunoni. Vile vitundu viwili vikaanza kunyonya taratibu, kama mzee anayekunywa uji wa moto. Kabla havijafika nusu, la pili likaingia. Nilipigwa na maji kifuani nikabamizwa mlangoni mwa kile kijumba, nikasikia ladha ya damu yangu mwenyewe.

"Masanja! Shusha tanga!"

Mjomba akasimama kushika kamba. Boti ikajigeuza bila kuulizwa, na ile boriti ndefu inayoshika tanga kwa chini ikavuka kutoka upande huu hadi ule kwa kasi ya shoka. Ikamkuta mdomoni. Katika kelele zile zote, za ziwa na radi, nilisikia meno. Alipiga magoti. Akatema, akakiangalia alichotema, akarudi kuvuta kamba.

Dirisha la basi likapasuka. Maji yakaingia vitandani, vyungu na kamusi yangu vikaelea. Halafu bawaba ya juu ya usukani ikang'oka, ya chini ikaifuata, na Mzee Kibwana akabaki amekumbatia mpini ambao haukuwa umeshika chochote. Alikuwa akisoma dua kwa sauti. Mimi nilikuwa nikilia kwa sauti. Tukawa kwaya.

Upepo ukatusukuma kuelekea kisiwa kidogo cha mawe matupu. Mawe makubwa kama nyumba, na mawimbi yakiyapanda na kushuka yakitoa povu. Nilimwona Mjomba anatambaa kwenda mbele kabisa. Nilijua anachotaka kufanya, nikapiga kelele asifanye, lakini yule alikuwa mchimbaji. Maisha yake yote mwamba ulikuwa ukimtii. Alinyoosha mkono wa kulia kuuzuia ule mwamba usiivunje boti.

Ziwa likainua boti, na sisi, na vyote, likavibwaga. Mkono ulikuwa katikati.

"Mayu wane!" Alimwita mama yake, aliyekufa kabla sijazaliwa. Mlio uliofuata siuandiki.

Mimi na Mzee tulimburuta juu ya mawe, wimbi likitupiga mgongoni kwa kila hatua, boti ikijivunja nyuma yetu kipande kwa kipande. Mzee akachana kanzu yake, akafunga juu ya kiwiko, akakaza kwa meno. Chini ya kitambaa hapakuwa tena na kitu cha kuitwa kiganja. Mjomba akazimia. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Mzee Kibwana akainuka. Damu ilikuwa ikimtiririka pajini, palipochanwa na mawe. Mpini wa usukani bado alikuwa nao, sijui kwa nini hakuuachia.

"Yale uliyoniambia kule. Ulikuwa unatania?"

"Hapana, Mzee."

"Kitabu kilisema Pwani ipi?"

"Ya kandokando."

Alinipiga nao begani. Nikaanguka. Akanipiga mgongoni, mbavuni, kwenye mkono niliojikingia, na kila pigo alikuwa akihema kama anayepasua kuni. Ubavu mmoja niliusikia ukikatika kama muwa. Sikukimbia. Ningekimbilia wapi, msomaji, kisiwa chenyewe ukubwa wake kama uwanja wa netiboli!

"Leo utani umekufa," akasema. "Usiniite mtani. Mimi ni mtu mzima na wewe ni mtoto uliyetaka kuua watu."

Halafu akautupa ule mpini majini, akajipiga makofi mwenyewe, shavu la kulia, shavu la kushoto, kwa nguvu ileile. Kwa sababu aliambiwa, naye akacheka.

Wavuvi walituona upepo ulipotulia, jua likiwa bado juu. Hospitalini Geita wakaukata mkono chini kidogo ya kiwiko. Watu walipouliza, Mzee Kibwana akasema upepo. Wakaniuliza mimi, nikasema upepo. Hatukupanga kusema hivyo. Kila mmoja alikuwa mwoga kivyake.

Mjomba sasa anakaa kwetu Shinyanga. Kwa mkono wa kushoto anajifunza kufunga vifungo, na pale mbele meno manne hayapo, kwa hiyo akisema jina langu linatoka na upepo. Hajui. Anawaambia wageni wote kwamba mimi ndiye niliyemvuta kutoka majini. Wazee wa Kisukuma wanakuja nyumbani wananishika kichwa wakinishukuru: "Wabeja, wabeja sana, kijana." Balozi wetu wa nyumba kumi alinisimamisha mkutanoni watu wanipigie makofi. Makofi! Na jioni Mjomba ananiita, "Mwipwa, nichekeshe kidogo, kidonda kinaniuma." Namwigiza mwalimu wa zamu akipiga chafya. Anacheka anajishika kile kipande cha mkono. Mimi naenda nyuma ya nyumba kutapika.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, hasa wanafunzi wenzangu mnaojiona wajanja. Ukiwa wewe peke yako unayejua kusoma mahali, ujue macho ya watu wote wameyaweka kichwani kwako. Usiwatekenye nayo! Utani ni wa kofia, wa nazi, wa fisi. Si wa kitabu cha boti, wala cheti cha dawa, wala barua ya serikali. Na ninyi mnaokaa kando ya ziwa, mkiletewa boti nzuri yenye vitanda, ipinduliwe kwanza muone mkuku, mtikise usukani, mmwage ndoo kwenye lile shimo mhesabu maji yanakaa muda gani. Na muulize: pwani ipi? Muulize mara mbili, na anayejibu mumtazame usoni kama anabana kicheko.

Juzi nilishindwa kula. Mama alikuwa akipepeta choroko uani, akauliza mara ya tatu nina nini. Nikamwambia. Yote, kuanzia droo ya kitabu mpaka mpini. Ungo ukamwanguka, choroko zikatapakaa. Alinyanyuka akanichapa kofi lililonitoa kwenye kigoda, akanipiga la pili nikiwa chini, akaokota mwiko, akanipiga nao mpaka ukavunjika. Ndani ya nyumba Mjomba akaita, "Dada, mwache mtoto, kafanya nini?" Mama akasimama akihema, kipande cha mwiko mkononi, machozi yakimwingia mdomoni. Akainama karibu na sikio langu ili Mjomba asisikie, akasema:

"Mimi nilikuzaa, kwa hiyo sina pa kukutupa. Yeye hakukuzaa. Ingia ndani ukamwambie, halafu ukae hapo hapo mbele yake, usubiri atakachoamua kukufanya kwa mkono uliobaki."